Mwongozo Kamili: Kuongoza Kikundi Khiva, Bukhara na Samarkand Bila Kuachwa na Treni

Malalamiko ninayoletewa kuhusu Uzbekistan hayabadiliki, yanabadilika majina ya watu tu. Kikundi kimetua Tashkent, treni ya haraka ya kwenda Samarkand imejaa hadi wiki ijayo. Au kikundi kimefunga safari mpaka Bukhara kumzuru Imam Bukhari, yule mkusanyaji wa hadithi, mwenyeji anawatazama kwa huruma na kuwaambia kaburi liko nje ya Samarkand, kilomita 270 hivi kutoka hapo waliposimama. Au watu wamerudi nyumbani na picha mia tisa za vigae vya buluu, na hakuna anayejua ipi ni ya mji gani.

Kati ya makosa hayo matatu, mawili nimeyafanya mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa yule atakayepigiwa simu usiku: mtu aliyekubali kuwaongoza wenzake 8 hadi 16, wawe ndugu, jamaa wa msikiti au chama cha akina mama. Ratiba ninayoitumia ni ya siku 10. Kila kitu ndani yake kinaifuata treni. Hoteli inafuata treni, mwongoza watalii anafuata treni, na vya kutazama vinapangwa mwisho. Wengi wanaokwama wamepanga kinyume.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kulipa chochote

- Jedwali la pasipoti. Jina la kila mtu lichukuliwe kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, si kwa kukisia. Weka na namba ya pasipoti na tarehe ya mwisho. Ibaki miezi 6 au zaidi baada ya safari.
- Dola taslimu, noti mpya, zisizo na mkunjo, muhuri wala kalamu.
- Kadi mbili za benki kwa kila familia, zisiwekwe mkoba mmoja.
- Programu kwenye simu: Yandex Go ya teksi, ya shirika la reli la Uzbekistan, na ramani iliyopakuliwa kutumika bila intaneti.
- Mwongoza watalii mwenye leseni, aliyethibitisha kwa maandishi.
- Dawa na cheti chake cha daktari. Nchi ile ni kali kwa dawa zenye kodeini, tramadoli na za usingizi. Mtu asiweke vidonge vilivyotolewa kwenye boksi lake.
- Mtandio, viatu vya kuvua upesi, na koti. Ndiyo, koti.
- Pilipili yako. Nitaeleza.

Kamera ya kuruka iache nyumbani. Kuiingiza nchini bila kibali ni kosa, na forodha hawacheki nayo.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Basi.

Mtu wa Tanga au Mombasa atakwambia joto halimtishi. Joto la kule halina unyevu: jasho linakauka kabla hujaliona, na mzee anaishiwa maji mwilini akiwa bado anakuhakikishia yuko sawa. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Agosti kuna siku 40 za ukali ambazo wenyeji wanaziita *chilla*, na nyuzi 40 si habari. Januari nayo ni baridi ya kugandisha.

Hasara ya miezi mizuri ni kwamba dunia nzima imeichagua. Ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu.

## Hatua ya 2: Visa, mtu mmoja mmoja

Vikundi vyetu mara nyingi vina pasipoti za kila rangi: mama ana ya Tanzania, binamu ana ya Oman, mtoto wa shangazi ana ya Uingereza. Masharti hayafanani. Ingia kwenye tovuti ya visa ya serikali ya Uzbekistan na uangalie kila pasipoti peke yake. Wapo wasiohitaji visa, wapo wanaoomba kwa mtandao, na wapo wanaopitia ubalozi. Usimwamini mtu anayesema "sisi tulipita tu", kwa sababu hujui alikuwa na pasipoti gani.

Tarehe za visa zianze siku moja kabla ya kuwasili. Ndege nyingi za kupitia Dubai au Istanbul hutua Tashkent usiku wa manane au alfajiri, na hapo tarehe huwachanganya watu.

Utajua umemaliza ukiwa na faili moja yenye visa ya kila anayehitaji, na umelinganisha namba ya pasipoti, tarakimu kwa tarakimu.

## Hatua ya 3: Anzia mbali, urudi karibu

Wengi huanza Tashkent, wakaenda Samarkand, kisha Bukhara, wakaishia Khiva. Kwenye ramani inapendeza. Kwenye miguu ni balaa, kwa sababu siku ya mwisho mko kona ya mbali kabisa ya nchi na ndege ya kurudi nyumbani iko Tashkent.

Igeuze:

- Siku ya 1: kutua Tashkent na kulala.
- Siku ya 2: Tashkent kidogo, jioni ndege ya ndani hadi Urgench, kisha gari kilomita 35 hivi hadi Khiva.
- Siku ya 3: Khiva.
- Siku ya 4: barabara hadi Bukhara.
- Siku ya 5 na 6: Bukhara.
- Siku ya 7: treni hadi Samarkand.
- Siku ya 8 na 9: Samarkand, na jioni ya siku ya 9 treni hadi Tashkent.
- Siku ya 10: akiba, halafu ndege.

Sababu ni mbili. Safari ngumu ya jangwani mnaimaliza watu wakiwa bado na nguvu na subira. Na miji inakua mbele ya macho: Khiva ni ndogo, yote ndani ya ukuta mmoja, Bukhara ni mji wa kuishi, Samarkand ina majengo ya kukufanya usimame mdomo wazi. Ukianza na Registan, ule uwanja wa madrasa tatu wa Samarkand, Khiva inaonekana kama mfano wa udongo.

Siku ya 10 usiiuze. Watu watakusihi uiongezee mji mwingine, Shahrisabz. Kataa.

## Hatua ya 4: Treni, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Treni ya haraka inaitwa Afrosiyob. Tashkent hadi Samarkand ni saa mbili na dakika chache, na Bukhara hadi Samarkand ni kama saa moja na nusu. Ikijaa kuna Sharq, ambayo ni ya polepole zaidi lakini si mbaya hata kidogo. Kisha kuna treni za kawaida za vitanda: *kupe* ni chumba cha watu wanne chenye mlango, na *platskart* ni behewa la wazi ambapo utajua habari za familia ya jirani kabla hamjafika.

Kwanza, tiketi hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya siku ya safari, si miezi. Wakala anayekwambia Januari kwamba ameshakupatia viti vya Afrosiyob vya Mei anakupa matumaini, hakupi tiketi. Mwaka mmoja nililipia matumaini hayo. Tulifika kituoni watu 14 na karatasi ya hoteli badala ya tiketi, tukaenda Samarkand kwa daladala mbili za kukodi, mama mmoja akiwa amepakata sufuria ya zawadi njia nzima.

Pili, nunua siku ileile zinapofunguliwa. Gawa kikundi: watu wawili wakae mbele ya simu, kila mmoja na nusu ya jedwali la pasipoti. Mkikosa viti pamoja, chukueni vilivyopo hata mabehewa tofauti.

Tatu, majina. Pasipoti zetu zina majina matatu, na fomu ina nafasi ya jina la ukoo na jina la kwanza. Fuata mistari ya chini ya pasipoti. Mlangoni wanalinganisha tiketi na pasipoti, na namba isiyolingana itakuacha nje.

Nne, soma jina la kituo. Tashkent ina vituo viwili vikubwa, cha Kaskazini na cha Kusini, na haviko jirani. Bukhara nayo ina mtego wake: kituo kiko Kogon, zaidi ya kilomita 10 kutoka mji wa kale. Atakayewaambia watu "tutatembea kwa miguu" atatembea peke yake.

Tano, saa. Hili nalo ni kosa langu mwenyewe, nje ya yale matatu ya mwanzo, na linatuhusu sisi tu. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp, "Treni saa mbili, tukutane chini saa moja." Waliokulia Leicester wakaelewa saa nane mchana. Saa moja na nusu asubuhi tuko kwenye basi, wao wako kitandani. Tangu siku hiyo naandika hivi: *08:00, yaani saa mbili asubuhi*. Uzbekistan iko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili, kwa hiyo na simu zikaguliwe siku ya kwanza.

Fikeni kituoni dakika 45 kabla. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, na milango ya Afrosiyob hufungwa bila kumsubiri mtu.

Utajua umemaliza ukiwa na tiketi ya kila mtu kwenye simu mbili tofauti na kwenye karatasi, na kila moja ina jina la kituo ulilolizungushia duara.

## Hatua ya 5: Mwongoza watalii mmoja, au mmoja kila mji?

Ninachukua mmoja wa safari nzima. Ndiyo, wa Bukhara anaijua Bukhara kuliko wa Tashkent. Lakini kufikia siku ya tatu mtu huyu anajua goti la nani linauma, nani hupotelea madukani, na nani ana swali la pili kila baada ya swali la kwanza. Hilo lina thamani kuliko tarehe tano za ziada.

Kubalianeni kwa maandishi: lugha, viingilio ni juu ya nani, na maduka mangapi ya zulia kwa siku. Mimi naandika "moja". Uliza pia kama ana vile visikizi vya masikioni. Bila hivyo, nusu ya kikundi wanasikia mgongo wa mwenzao.

Halafu wape watu namba. Wa kwanza 1, wa mwisho 14. Mkitoka mahali, kila mtu anataja namba yake kwa mfuatano. Sekunde kumi, na unajua aliyepungua ni 9.

## Hatua ya 6: Pesa na usajili

Dola moja imekuwa ikizunguka som 12,000. Kwa hiyo dola 100 ni zaidi ya milioni moja, na siku ya kwanza kila mtu anacheka kuwa milionea, siku ya pili analipa sifuri moja zaidi kwenye chai. Fanya zoezi kabla ya kutoka hotelini: 12,000 ni dola, 120,000 ni dola kumi. Badilisheni benki au hotelini. Wa mtaani hana faida tena.

Weka mfuko wa kikundi wa vyoo, maji na bahashishi, na mweka hazina asiwe wewe.

Mgeni lazima asajiliwe ndani ya siku 3. Hoteli hufanya hivyo yenyewe, lakini uliza mapokezi na utunze karatasi wakikupa. Mwanakikundi akitaka kulala kwa rafiki, rafiki ndiye wa kumsajili, na ajue hivyo mapema.

## Hatua ya 7: Khiva, siku moja inatosha

Laleni ndani ya ukuta wa Itchan Kala, mji wa kale wa Khiva, au hatua chache kutoka hapo. Magari hayaingii ovyo, kwa hiyo begi liwe la magurudumu na mtu aweze kulivuta mwenyewe.

Tokeni mapema kabla ya mabasi. Kalta Minor, ule mnara mnene uliokatika kama pipa la rangi ya kijani na buluu, ulisimamishwa kujengwa mwaka 1855 ukiwa na mita 29 na haukumalizwa. Msikiti wa Ijumaa una nguzo za mbao zaidi ya 200, na mwanga unaingia kwenye tundu za dari tu. Wakalishe watu humo dakika kumi, kimya. Ndiyo dakika watakazozizungumza.

Mnara wa Islam Khoja wa mwaka 1910 una ngazi za giza, nyembamba na za juu. Mwenye presha abaki chini na chai. Machweo yatazameni kutoka ukuta wa Kuhna Ark, ngome ya kale.

## Hatua ya 8: Jangwa

Khiva hadi Bukhara ni karibu kilomita 450 kupitia Kizilkum. Hesabu saa 7 au 8 na vituo. Treni ipo, lakini saa zake mara nyingi hazimfai mzee.

Ondokeni 08:00 (saa mbili asubuhi!), na maji lita 2 kwa kila mtu. Vyoo vya njiani ni shimo na hakuna karatasi. Waambie kina mama jana yake, si mkiwa mlangoni. Simameni mnapouona mto Amu Darya. Hakuna kingine cha kutazama, nami napenda hivyo.

## Hatua ya 9: Bukhara, punguza mwendo

Hapa ndipo picha mia tisa zinapozaliwa. Mwongoza watalii mwenye bidii atawapa madrasa sita kwa siku. Macho ya binadamu yanachoka kwenye ya nne.

Kanuni yangu: majengo mawili makubwa kabla ya adhuhuri, kulala au kukaa kivulini mpaka saa kumi, kisha moja jioni. Kwa kila jengo mpe kila mtu kitu kimoja cha kutafuta. Kwenye kaburi la Wasamani, watawala wa zamani wa Bukhara, la karne ya 10, tazameni matofali tu: hakuna rangi hata tone, lakini yamepangwa kama mkeka uliosukwa, na kivuli kinabadilisha mshono kadiri jua linavyosogea. Wanaojua ukili wataelewa kabla ya kuelezwa.

Mnara wa Kalyan ni wa mwaka 1127. Nendeni jioni, kwa sababu madrasa ya Mir-i-Arab inatazama magharibi na ndipo jua linapoipiga. Hiyo ni shule inayofanya kazi, wanafunzi wako ndani, kwa hiyo mgeni haendi mbali na mlango.

Kwa wanaosali: kule ni Wahanafi, kwa hiyo adhana ya alasiri inachelewa kuliko tuliyoizoea pwani. Kibla si kaskazini tena bali kusini-magharibi. Na misikiti mingi haina nafasi ya wanawake, ulizeni kabla ya kuwapeleka kina mama wakarudishwa mlangoni.

Sasa chakula. Pilau ya kule inaitwa *palov* au *osh*, na ni ndugu ya yetu kweli: wali, nyama, bizari nyembamba. Lakini haina karafuu wala mdalasini, ina karoti nyingi, mafuta ya pamba na ya kondoo. Ni chakula cha mchana; ukienda jioni sufuria limeoshwa. *Somsa* nayo ni sambusa iliyookwa kwenye tanuri la udongo. Vyote vitamu, na vyote havina pilipili hata kidogo, ndiyo maana niliwaambia mbebe. Vile vipande vyeusi juu ya palov mara nyingi ni soseji ya farasi, *qazi*. Asiyetaka aseme mapema. Kunyweni chai ya kijani ya moto juu ya mafuta yale, si soda ya barafu, la sivyo siku ya 7 itakuwa ndefu.

Utajua umefaulu mtu akikuuliza usiku, bila kushurutishwa, "Ule wa matofali matupu ulikuwa wa nani?"

## Hatua ya 10: Samarkand, na Imam Bukhari alipo

Imam Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 810, akafariki mwaka 870 Khartang, kijiji kilicho kilomita 25 hivi kutoka Samarkand. Liandike hilo kwa herufi kubwa kwenye ratiba. Kwa mtu aliyekaa darsa za Sahihi yake kila Ramadhani, Lamu au Unguja, hiyo ndiyo safari yenyewe na vigae ni nyongeza, kwa hiyo mpe asubuhi nzima ya siku ya 9. Eneo limekuwa na ujenzi mkubwa miaka ya karibuni. Mwongoza watalii apige simu jana yake kuuliza wageni wanapita wapi.

Siku ya 8, Shah-i-Zinda saa ya kufungua. Ni uchochoro wa makaburi, ngazi zake ni za mwinuko, na kikundi kimoja cha watu 40 kikikutangulia hutaona kitu. Anayeheshimiwa pale ni Qutham bin Abbas, binamu yake Mtume. Watu wanasoma dua humo, kwa hiyo simu ziwe chini.

Registan iendeeni mara mbili. Madrasa ya Ulugh Beg (1417–1420) inatazama mashariki, yake ni asubuhi. Sher-Dor, iliyo mkabala wake, yake ni alasiri, na hapo watafuteni wale chui milia wenye jua mgongoni, wanyama juu ya mlango wa madrasa. Tilla-Kori iacheni kwa ndani: kuba la dhahabu unaloliona ni dari bapa iliyochorwa. Mlaze mtu chali kwenye benchi, muulize ina kina gani.

Manunuzi yafanyike hapa, si mapema, msibebe sahani za udongo jangwani. Kitu chochote muuzaji anachokisifu kuwa cha kale kiogopeni: vya zaidi ya miaka 50 havitoki nchini bila kibali, na muuzaji hatakuwepo uwanja wa ndege.

## Hatua ya 11: Kurudi

Treni ya jioni ya siku ya 9, kituo mmeshakizungushia duara. Siku ya 10 asubuhi, wenye nguvu waende eneo la Hazrati Imam kuona msahafu wa kale unaonasibishwa na Sayyidna Uthman, wengine wapande metro kituo baada ya kituo. Hata hiyo ni ziara.

Som zilizobaki zibadilisheni kabla ya kupita ukaguzi. Na mkate wa Samarkand, ule mzito wenye muhuri katikati, haukai mkobani kifudifudi. Mama mmoja wa kikundi changu aliuweka hivyo kwenye kiti cha treni. Bibi wa jirani, ambaye hawakuelewana hata neno, akanyoosha mkono, akaugeuza uso juu, akaendelea kushona.